Mbwa wangu mzee ameanza kukojoa ndani ghafla, naombeni msaada (Malindi)

Mama Kungu · Jumamosi, saa 2:40 usiku

Habari za usiku wanajukwaa. Nina mbwa jike, jina lake Kungu, anakaribia miaka kumi na mmoja. Tulimwokota akiwa kitoto chini ya mkungu ulio nyuma ya nyumba, huku Maweni, ndipo akapata jina. Ni mbwa wetu hawa wa kawaida, rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na moja limelala.

Tangu alipokuwa na miezi minne hajawahi kukojoa ndani. Usiku analala ukumbini kwa sababu ndiye mlinzi wetu. Akibanwa anakwaruza mlango mara mbili, natoka naye uani, anamaliza, tunarudi kulala. Hata masika ya 2018, Sabaki ilipofurika na huku mvua ikinyesha usiku kucha, alitoka akalowa akarudi anatetemeka, lakini ndani hakukojoa.

Wiki mbili sasa mambo yamegeuka. Mara ya kwanza nilikuta mkojo kwenye mkeka. Nikasema labda sikumsikia. Siku ya tatu ukawa mlangoni, na sasa ni kila usiku, hata mchana mara moja. Tunachangia baraza na jirani, na ukimwagwa karibu na mlango unapita chini hadi upande wao. Jirani ni mtu wa swala tano. Hajanigombeza, lakini namwona asubuhi anavyoinua ncha ya buibui akipita, na moyo unaniuma.

Juzi mdogo wangu alimchapa kwa kandambili. Kungu hakukimbia wala hakulia. Alijilaza tu akanitazama. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Wiki iliyopita nilikwenda duka moja la dawa za mifugo, nikauziwa vidonge vya antibayotiki bila kuulizwa swali hata moja. Nimempa siku tatu, hakuna badiliko. Mtu mwingine ananiambia ni joto la kaskazi tu, anakunywa sana. Mwingine anasema amezeeka, nimpeleke mbali nikamwache. Hilo siliwezi. Mwenye ujuzi anisaidie.

Kijana wa Barani · Jumamosi, saa 3:05 usiku

Pole shangazi. Kwetu babu alikuwa akimshika mbwa shingo anamsugua pua kwenye ule mkojo, mara mbili tatu anaacha. Jaribu.

Mlinzi wa Usiku · Jumamosi, saa 3:22 usiku

Kijana, tafadhali usimfundishe dada wa watu jambo hilo. Nimelinda nyumba za Casuarina miaka kumi na minne, na kila zamu nilikuwa na mbwa. Ukimsugua pua kwenye mkojo alioumwaga saa nzima iliyopita, yeye hajui anaadhibiwa kwa lipi. Anachojua ni kwamba umekuja na umekuja na hasira. Kesho atakwenda kukojoa nyuma ya kabati usikoona, na hapo utakosa habari zote ambazo mkojo wenyewe ungekupa: rangi yake, wingi wake, saa yake.

Na huyu ni mbwa wa miaka kumi. Si kitoto kinachofunzwa. Dada, mwambie mdogo wako aweke kandambili chini.

Mama Kungu · Jumamosi, saa 3:30 usiku

Nimemwambia. Ameona aibu, kwa kweli. Yeye ndiye aliyemlea na maziwa ya chupa.

Ng'ombe na Mbuzi · Jumamosi, saa 4:10 usiku

Dada, pole sana. Nilikuwa afisa wa mifugo, Malindi na Magarini, hadi nilipostaafu. Kazi yangu kubwa ilikuwa ng'ombe na mbuzi, lakini mbwa nimewashika wengi, hasa nyakati za chanjo ya kichaa. Mbwa aliyekaa miaka kumi bila kuchafua ndani hawezi kusahau adabu kwa wiki mbili. Kuna kitu mwilini kinamsukuma, na kazi yetu ni kukitafuta.

Nataka kwanza nijue anakojoaje, maana hapo ndipo njia zinapoachana. Akiamka tumbo limeloa na pale alipolala pana maji, naye mwenyewe kama hana habari, huo ni mkojo unaovuja: mlango wa kibofu umelegea. Hutokea sana kwa majike waliohasiwa. Akichutama kila mara na kutoa matone, pengine yana damu, basi kibofu kina maambukizi au vijiwe. Lakini akichutama mara moja akamwaga dimbwi, maji meupe yasiyo na harufu kali, kibofu chenyewe hakina kosa. Kinajazwa kupita kiasi, nasi tumtafute anayekijaza. Huko ndiko wanakokaa kisukari, figo, ini, na maradhi ya homoni.

Pili, je, amechomwa sindano yoyote ya mwasho au ya mzio mwezi huu? Zile dawa za jamii ya deksamethasoni na prednisoloni humfanya mbwa anywe kama ng'ombe na kukojoa kama ng'ombe. Nimeona watu wakitupa mbwa kwa sababu ya sindano waliyoilipia wenyewe.

Tatu, amehasiwa? Kama hakuhasiwa, mara ya mwisho alishika joto, yaani kutaka dume, lini? Na je, amewahi kuchomwa sindano ya kuzuia mimba? Usinifiche hili.

Nne, anakulaje, anatapika, amekonda? Ana kupe?

Halafu nakupa kazi ya kesho. Mpime uzito. Kama huna mizani, mdogo wako apande kwenye mizani ya duka la nafaka peke yake, kisha apande akiwa amembeba, utoe. Jaza maji kwa chupa ya lita moja, uandike kila unachotia, na kesho kutwa saa hiyo hiyo upime yaliyobaki. Mbwa mzima hunywa kiasi cha mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Joto la kaskazi litaongeza. Lakini akipita mililita 100 kwa kilo, usilisingizie jua.

Na narudia kwa herufi kubwa: USIMNYIME MAJI. Watu wengi hudhani wakiondoa bakuli usiku mkojo utaisha. Mwili unaopoteza maji lazima uyarudishe. Ukimzuia utamkausha, na kama ni figo utazimaliza.

Binti Shela · Jumapili, saa 12:15 asubuhi

Assalaam aleikum. Mama Kungu, mimi si mtu wa mbwa, lakini habari ya jirani yako imenigusa kwa sababu mie ndiye jirani wa aina hiyo kwa mtu mwingine, hapa Shela ya Malindi. Huku pwani wengi wetu ni madhehebu ya Shafi, na kwetu najisi ya mbwa ni najisi nzito. Mahali palipopata mkojo wake huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Kumfuga mbwa kwa ulinzi au kuchunga hakuna tatizo, kwa hiyo usione kwamba jirani anamchukia Kungu. Anafikiria nguo zake za kuswalia.

Ukitaka kumpumzisha roho, nenda mwenyewe, mwombe radhi, na umwambie utaosha upande wake namna hiyo. Kwanza uondoe mkojo wenyewe kwa tambara kavu, usitangulize maji, yatautandaza tu. Kisha ndiyo uoshe.

Kuhusu harufu: usimwagie dawa ya klorini moja kwa moja juu ya mkojo mbichi. Mkojo una amonia, na vikikutana hutoa mvuke unaochoma kifua. Mwanangu alipata kikohozi cha siku mbili kwa hilo. Mimi hutumia siki na maji, nusu kwa nusu, baada ya kuosha. Mkeka wa ukindu ulioloa sana hauponi, utupe.

Mama Kungu · Jumapili, saa 1:50 asubuhi

Waaleikum salaam dada. Nimetoka sasa hivi kwa jirani. Nilikwenda na ndoo na udongo wa pale kwenye shamba la nyuma. Alinitazama, akaniuliza nimejuaje. Tukaosha pamoja, yeye akimimina, mimi nikisugua. Tumezungumza leo kuliko mwaka mzima uliopita. Asante sana.

Mzee Ng'ombe na Mbuzi, shikamoo. Anachutama, anamwaga dimbwi kubwa, kama sinia. Rangi kama maji. Hakuna damu. Hajachomwa sindano yoyote. Kupe nilimtoa wanne mwezi uliopita, sasa hana. Chakula amepunguza, ugali na dagaa anaacha nusu. Alitapika mara moja, manjano. Maji nimeanza kupima saa moja unusu.

Amu Kwetu · Jumapili, saa 4:00 asubuhi

Mimi ni mtu wa Lamu, na mtashangaa nafanya nini kwenye uzi wa mbwa. Kwetu punda ndiye mwenye kliniki yake tangu 1987. Lakini niliishi Watamu miaka sita na nilikuwa na jike aliyehasiwa akiwa mdogo. Alipofika miaka tisa akaanza kuamka amelowa. Nilikuwa namfulia matandiko kila asubuhi na kumtazama anavyojilamba kwa aibu, masikio nyuma.

Daktari alipima mkojo, ukawa safi, akasema ni ile ya mlango wa kibofu kulegea kwa kukosa homoni ya kike. Akampa vidonge vya kuukaza. Wiki haikuisha akawa mkavu, na akabaki kwenye vidonge hadi alipokufa na miaka kumi na minne. Nasema hivi kwa wale watakaosoma uzi huu na mbwa wao anavuja usingizini. Ina dawa. Msikate tamaa wala msimfungie nje.

Kijana wa Barani · Jumapili, saa 4:20 asubuhi

Wazee mnisamehe kwa ushauri wa jana. Swali: kama mbwa anaumwa si anaonyesha? Huyu anatembea, anabweka.

Mlinzi wa Usiku · Jumapili, saa 5:45 asubuhi

Hapana kijana. Mbwa huficha. Nilikuwa na dume mmoja mkubwa, wa tajiri fulani, nyumba ya ghorofa yenye ngazi za terazo. Akaanza kukojoa juu, kwenye korido. Mwenye nyumba akataka auawe. Nikamwomba siku mbili nimtazame. Nikagundua kila akifika kwenye ngazi anasimama, anazitazama, anarudi. Nyonga zilikuwa zinamuuma. Hakuwa na tatizo la mkojo hata kidogo, alikuwa anaogopa kuteremka. Tukamhamishia chini, tukatandika jamvi ili asiteleze, daktari akampa dawa ya maumivu ya mbwa, yakaisha.

Narudia, dawa ya MBWA. Msije mkampa diklofenaki au ibuprofeni au paracetamol za watu. Zinaua figo, zinaua ini, zinatoboa tumbo. Nimemzika mmoja kwa hilo.

Mwingine ndiye aliyenisikitisha zaidi. Huyo alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa anatoka uani, anasimama, anasahau kilichomtoa, anarudi ndani anakojoa. Usiku namkuta amesimama pembeni uso ukutani, kama anayengoja ukuta umfungulie. Wakati mwingine anabweka mahali patupu. Walimpima kila kitu kwanza, damu na mkojo, vyote sawa. Ndipo daktari akasema ni akili inayochakaa kwa uzee, kama wazee wetu wanavyopotewa. Nikawa namtoa kila baada ya saa tatu, namngoja hadi akojoe, nampapasa. Taa ya ukumbini nikaiacha inawaka. Vitu vya nyumbani hatukuvihamisha tena ili asipotee. Alikaa na sisi mwaka mmoja na miezi kadhaa. Sikuwahi kumkemea.

Ng'ombe na Mbuzi · Jumapili, saa 7:30 mchana

Mlinzi, umesema mambo ya maana. Uzee wa akili ni wa kutajwa mwisho, yakishaondolewa yale yanayotibika.

Marahaba dada. Majibu yako yananipa wasiwasi kidogo, hasa kupunguza chakula na kule kutapika. Lakini hukunijibu moja. Amehasiwa? Alishika joto lini?

Mama Kungu · Jumatatu, saa 1:40 asubuhi

Samahani mzee, niliona haya kuandika hadharani. Sasa naandika yote.

Uzito kilo 19. Maji ya saa ishirini na nne: lita 3 na robo, na bakuli niliziba na kreti ili kuku wasinywe, kwa hiyo ni yeye peke yake. Nimepiga hesabu mara tatu. Ni zaidi ya mililita 170 kwa kilo.

Hajahasiwa. Nilikuwa namfungia ndani akishika joto, basi. Sindano ya mimba hajawahi. Joto la mwisho lilianza siku chache baada ya Krismasi, na sasa tuko katikati ya Februari. Leo asubuhi hakugusa chakula kabisa. Amelala kwenye saruji, mahali pa baridi, tumbo naona kama limejaa.

Ng'ombe na Mbuzi · Jumatatu, saa 1:52 asubuhi

Dada, acha kila kitu. Mpeleke kwa daktari wa upasuaji wa mifugo sasa hivi, asubuhi hii, usingoje jioni.

Jike mzee asiyehasiwa, wiki nne hadi nane baada ya joto, anakunywa kupita kiasi, anakojoa ndani, anaacha kula, anatapika: kwanza kabisa shuku usaha kwenye mfuko wa uzazi. Baada ya kila joto ule mfuko hujiandaa kubeba mimba. Kwa jike aliyepita miaka mingi ya joto bila kuzaa, kuta zake hunenepa, zinatoa majimaji, na vijidudu vilivyopanda wakati mlango uko wazi vinapata shamba. Sumu ya vijidudu hivyo huzizuia figo zisiweze kubana mkojo, ndiyo maana maji yanapita tu na yeye ana kiu isiyokwisha. Mkojo wa ndani ulikuwa wa kwanza kutoa habari.

Mtazame nyuma chini ya mkia. Ukiona ute wa rangi ya maziwa au wa damu damu, ni hilo. Lakini usipouona usifurahi. Mlango wa mfuko ukijifunga usaha hubaki ndani, na huyo ndiye yuko kwenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu unaweza kupasuka.

Usimbonyeze tumbo. Usimpe antibayotiki nyingine ya dukani, na daktari mwambie zile ulizompa, jina na siku. Maji aendelee kunywa, chakula usimlazimishe. Muulize huyo daktari namba yake ya usajili wa Kenya Veterinary Board, ni haki yako kuuliza. Usikubali mtu anayesema atamchoma sindano tu arudi nyumbani.

Mama Kungu · Jumatatu, saa 2:05 asubuhi

Hakuna ute. Natafuta usafiri. Tuktuk mbili zimekataa mbwa.

Binti Shela · Jumatatu, saa 2:07 asubuhi

Yaa Rabi. Mwambie jirani yako. Usione haya.

Kijana wa Barani · Jumatatu, saa 2:15 asubuhi

Shangazi, niko Barani, nina pikipiki lakini mbwa mgonjwa hakai. Nikutafutie gari?

Amu Kwetu · Jumatatu, saa 5:40 asubuhi

Kuna habari yoyote?

Mlinzi wa Usiku · Jumatatu, saa 10:20 jioni

Tunangoja dada.

Mama Kungu · Jumatatu, saa 4:35 usiku

Nimerudi. Naandika huku mikono bado inatetemeka.

Mume wa jirani ndiye aliyetupeleka. Alitandika turubai nyuma ya proboksi yake, akasema gari huoshwa. Daktari yuko njia ya Watamu. Alimpima joto, akamtazama ufizi, akamwekea kile chombo cha picha tumboni, na mimi nikaona kwenye kioo mirija miwili mieusi kama soseji zimelala. Akasema ni usaha, na mlango umefunga. Mzee, uliniambia kutoka kwenye maandishi tu.

Walimwekea dripu kwanza, saa mbili nzima, kwa sababu alikuwa amekauka na daktari alikataa kumpa nusukaputi akiwa hivyo. Dawa za mshipa. Halafu wakamfungua. Sikuingia, nilikaa nje chini ya mwarobaini na mdogo wangu, yule wa kandambili. Hakusema neno muda wote. Walipotoa ule mfuko daktari alituita tuuone kwenye beseni. Ulikuwa mnene kama mkono wangu, karibu kilo moja na nusu. Kilo moja na nusu ndani ya mbwa wa kilo 19, na mimi nilikuwa naosha sakafu.

Amelala huko kliniki leo. Daktari amesema usiku wa leo na wa kesho ndio wa kuangalia, kwa sababu sumu bado iko kwenye damu. Pesa nimechukua kwenye chama, nitalipa polepole. Mniombee.

Ng'ombe na Mbuzi · Jumatatu, saa 4:50 usiku

Alhamdulillahi na Mungu asifiwe, kila mtu kwa lugha yake. Daktari aliyetanguliza dripu ni daktari. Dada, usijilaumu kwa kuosha sakafu. Ulipima maji siku uliyoambiwa, na kwa lile jibu la joto ulivumilia aibu ukasema. Ungekaa wiki moja zaidi tungekuwa tunazungumza mengine.

Na wengine mnaosoma: nimeuliza habari ya sindano ya kuzuia mimba kwa sababu najua watu huwachoma majike zile sindano ili wasizae. Homoni iliyo ndani yake ni ya jamii ile ile inayoutayarisha mfuko kwa ugonjwa huu. Kama hutaki watoto, mhasi angali kijana. Hatapata ugonjwa wa Kungu, na ukimhasi mapema hata vimbe vya matiti hupungua. Ataweza kuvuja mkojo uzeeni kama wa dada yetu wa Lamu, ni kweli, lakini hiyo ni ya vidonge, hii ni ya kisu.

Mama Kungu · Alhamisi, saa 3:00 usiku

Kungu yuko nyumbani tangu jana. Anatembea taratibu. Nyuzi zitakaa siku kumi hadi kumi na nne. Kola ya kumzuia asijilambe tumeikata kwenye ndoo ya plastiki, anagonga kila mlango nayo.

Nataka niwaambie ukweli wote: usiku wa kwanza alikojoa ndani tena. Nilikaribia kulia. Nikampigia daktari, akasema zile dripu zote lazima zitoke na figo bado zinajifunza upya. Maji jana: lita moja na nusu. Leo hadi sasa hivi hajafika lita moja. Naendelea kuandika kila siku kwenye daftari. Baada ya wiki mbili watampima damu na mkojo tuone figo zimebaki vipi, kwa sababu kwa umri wake huenda zimepata dosari.

Amekula. Ugali kidogo na mchuzi wa changu, bila chumvi wala kitunguu. Jirani ndiye aliyeleta huo mchuzi, ameuweka kizingitini.

Mlinzi wa Usiku · Alhamisi, saa 3:18 usiku

Nimefurahi hadi nimeamsha watu. Kola ya ndoo zungushia kitambaa ukingoni isimchune shingo.

Mama Kungu · Jumatano, saa 11:10 alfajiri

Saa kumi usiku huu nimesikia mkwaruzo. Mara mbili. Nilidhani naota. Tumetoka uani, upepo unavuma, amechutama chini ya mkungu wake, tumerudi.

Dereva wa Ngala · Jumatano, saa 2:30 asubuhi

Nimesoma uzi wote. Wangu ni dume, miaka tisa, hajahasiwa, naye tangu jana anakojoa ndani. Ila ni matone tu. Anainua mguu, anangoja, anakamua, anainua tena. Usiku kucha amekuwa akizunguka. Je, nipime maji kama Kungu?

Ng'ombe na Mbuzi · Jumatano, saa 2:34 asubuhi

Usipime kitu. Tangu jana kuna mkojo wowote uliotoka kwa mkondo, au ni matone peke yake?

Dereva wa Ngala · Jumatano, saa 2:36 asubuhi

Matone peke yake. Na sasa tumbo la chini gumu.

Ng'ombe na Mbuzi · Jumatano, saa 2:37 asubuhi

Njia imeziba. Kijiwe au tezi dume. Kibofu kikijaa hivyo anakufa kwa siku moja mbili. Mchukue sasa hivi, mpigie daktari ukiwa njiani aandae mpira wa kutoa mkojo. Usimkamue tumbo.

Dereva wa Ngala · Jumatano, saa 2:41 asubuhi

Tuktuk ni yangu mwenyewe. Nimeshamweka nyuma.